Vitenge vya Larkhill

Astère aliikata mibogenvilia yote ishirini na sita kwa siku mbili, na kila alipomaliza mmoja alirudi nyuma hatua tatu kuutazama, mikono kiunoni, kama fundi anayetazama suti ya bwana harusi. Alikata vizuri, hilo hatutamnyima. Alikata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la tawi, vile baba yake alivyomfundisha kukata kahawa kule Kayanza, Burundi. Vichaka vilivyokuwa vinamfika mtu kifuani vikabaki magotini, safu mbili kuanzia getini hadi mlango wa jengo la kwanza, sawasawa, utadhani wanafunzi walionyolewa kwa siku ya kufungua shule.

Hiyo ilikuwa katikati ya Mei. Larkhill ni majengo matatu ya maofisi, bondeni, upande wa Bedfordview, mjini Joburg, na Astère alikuwa mtunza bustani wake kwa majaribio ya miezi mitatu. Majaribio yangekwisha Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Saa mbili asubuhi siku hiyo Bi Petersen, meneja wa majengo, angekuja aone bustani imeandaliwaje kwa msimu wa baridi, halafu ampe mkataba wa mwaka au amshukuru. Na kushukuriwa tunajua maana yake. Angerudi kwenye lile koti la njano linalong'aa, kando ya uwanja wa Ellis Park, aelekeze magari ya watu wanaokwenda mpirani, amkimbilie dereva na tabasamu ili labda ashushe kioo. Kazi hiyo aliifanya miaka tisa. Wapo madereva waliokuwa wanaitupa sarafu chini ili wamwone akiinama.

Kwa hiyo alijitahidi. Nyasi alizikata akaziacha ndefu kidogo, mizizi isipigwe na baridi. Alitandaza maganda ya miti kwenye matuta yote ya maua. Mipira ya maji aliitegesha imwage asubuhi, isimwage tena jioni. Yote hayo Bi Petersen alikuwa ameyaandika kwenye karatasi. Kukata mibogenvilia hakukuandika. Hilo Astère alijiongezea mwenyewe, kwa furaha yake, kama mtu anayemwekea mgeni nyama ya pili kwenye sahani. Kwao, mvua ikikatika na kahawa ikishavunwa, mti hukatwa upumzike. Hapa Joburg mvua ilikuwa imekatika. Akakata.

"Umekata sasa hivi, kabla ya baridi?" mkewe, Médiatrice, alimwuliza jioni ile, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Ndiyo. Ipumzike."

"Mimi ningengoja kwanza nione wenye mji wanafanyaje."

"Mama Annick, wewe una cherehani yako. Miti niachie mimi."

Médiatrice akakanyaga pedali, na cherehani ikamjibia.

* * *

Jumatano, siku mbili kabla ya Bi Petersen kuja, mzee Mkhize alisimama kwenye uzio. Huyu ni mtunza bustani wa maofisi ya jirani, mtu wa makamo aliyezaliwa Joburg na kushika jembe Joburg maisha yake yote. Astère naye alikuwa anasubiri kwa hamu mtu wa kazi aione kazi yake.

"Nani kakata hii?" Mkhize akauliza. Walizungumza Kizulu kilichochanganyika na Kiingereza, kila mmoja akisogea kidogo kumfuata mwenzake.

"Mimi," Astère akasema, na kifua kikamtoka.

Mzee Mkhize akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, vile watu wanavyoshika kofia msibani.

"Ndugu yangu, hapa bogenvilia inakatwa Agosti. Yale majani ya zamani ndiyo blanketi lake. Ukiyatoa Mei, jua la mchana linaudanganya mti, unachipua. Halafu inashuka jalidi." Akafunga ngumi. "Inageuka majivu mpaka kwenye shina."

Astère akainama. Machipukizi yalikuwapo kweli, mekundu, laini, yametoka kila penye jicho. Jana yake tu alikuwa ameyaona akafurahi, akayapiga picha amwonyeshe Médiatrice. Jalidi aliijua kwa masikio na vidole vyake mwenyewe, miaka yote aliyosimama barabarani. Lakini kwao umande haujawahi kuganda, na hakuwahi kujiuliza jalidi inaufanya nini mti.

"Itashuka lini?"

"Kesho usiku. Nyuzi mbili chini ya sifuri, wamesema. Na hapa tuko bondeni, baridi yote inamiminikia kwetu."

"Nikifunika na nailoni?"

"Nailoni ikigusa jani inaliunguza. Tafuta kitambaa. Kipo kile cheupe cha kufunikia miti, kinauzwa kwenye maduka ya bustani." Mzee akavaa kofia yake, akatazama tena zile safu mbili, akashindwa kujizuia. "Lakini umekata vizuri, eish! Umekata vizuri sana."

Astère alipiga simu maduka matatu. La kwanza kitambaa kilikuwa kimekwisha. La pili kimekwisha. La tatu msichana alicheka kwa upole, akasema mji mzima umesikia habari ya baridi, mzigo mwingine unaingia Jumanne. Jumanne! Bi Petersen alikuwa anakuja Ijumaa.

* * *

Nyumbani kwao ni Bertrams, vyumba viwili uani kwa watu, na jua lilikuwa bado halijazama Médiatrice alipotoka jikoni akamkuta mumewe amepanda kitandani na viatu, anavua pazia.

Juu ya godoro kulikuwa na rundo: mablanketi mawili, mashuka yote, taulo, na kitambaa cha meza cha Krismasi.

"Baba Annick. Tunahama?"

"Hapana."

"Tumefilisiwa?"

"Hapana, Mama Annick. Nayafua."

Binti yao Annick, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mlangoni na simu mkononi. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alisema kwa Kiingereza kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwona baba yake akifua hata soksi. Médiatrice akamwambia aende akamalizie ugali. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akakunja mikono, akamtazama mumewe aliyekuwa bado amesimama juu ya godoro na pazia begani.

Astère akamwambia yote. Alianza na mzee Mkhize, akarudi kwenye kahawa ya baba yake, akafika kwenye maduka matatu, akaishia kwenye lile koti la njano. Aibu ilimshika, tena aibu ya kweli, kwa sababu mtu aliyekuwa anamweleza ndiye yule yule aliyemwambia asubiri.

Médiatrice alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika mpaka pua ikatanuka. Alifungua mdomo amwambie maneno ambayo alikuwa ameyaweka akiba wiki mbili nzima. Lakini alipomwangalia, mwanaume wa miaka arobaini na sita juu ya kitanda, amejifunga pazia la maua kama bibi harusi, kicheko kiliipita hasira njiani. Alicheka mpaka akalala chali juu ya mablanketi.

"Unacheka nini?"

"Miti ishirini na sita! Ulitaka kuifunika na taulo zangu mbili?"

"Basi nifanyeje?"

Médiatrice akajifuta machozi. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta sanduku lake la vitenge.

Hapa lazima tuelewane. Mwanamke wa Burundi au wa Kongo anayeishi Bertrams anaweza kukosa friji. Anaweza kukosa hata karatasi za ukimbizi, au akawa nazo zimekwisha muda. Lakini sanduku la vitenge analo. Kila harusi ina kitenge chake cha sare, kila kipaimara, kila msiba mkubwa, kila tarehe nane Machi ya wanawake. Kitenge hakiuzwi, hakitupwi, na mume hakigusi. Astère hakuwahi kuliomba sanduku lile lifunguliwe, hata mwaka ule walipokula ugali na chumvi.

"Humu vimo kumi na vinne," Médiatrice akasema. "Mti mmoja unataka viwili, cha chini na cha juu, baridi isipenye. Kwa hiyo natafuta thelathini na vinane." Akachukua simu. "Maman Orpha ana masanduku mawili."

"Mama Annick, kanisa zima litajua."

"Litajua kwamba mume wangu amekata maua kabla ya wakati. Au litajua kwamba amerudi kuokota sarafu barabarani. Chagua."

Astère akashuka kitandani.

* * *

Alhamisi saa tisa mchana bakkie ya mume wa Orpha, ile pikapu anayobebea mizigo ya mitumba, ilisimama getini Larkhill na wanawake wanane, saba nyuma na mmoja mbele, kila mmoja amekumbatia mfuko wake wa Shangaani, ile mifuko mikubwa ya safari ya mistari ya buluu na nyekundu. Maman Orpha, mkuu wa akina mama wa kwaya, mzaliwa wa Bukavu, alishuka wa kwanza kwa sababu alikuwa mbele na dereva.

Mlinzi wa getini aliitwa Emery, kijana wa Lubumbashi, mstaarabu, mwenye kuihofia kazi yake. Alitoka kwenye kibanda na kitabu cha wageni.

"Mama zangu, karibuni. Mnakwenda ofisi gani?"

"Hatuendi ofisi," Orpha akasema. "Tuko tunakwenda kwa maua."

"Kila mgeni aandike jina, namba ya kitambulisho, na sababu ya kuja."

Wanane wakapanga foleni. Namba za kitambulisho zilichukua dakika ishirini, maana wengine karatasi zao zilikuwa na tarehe ambazo hawakupenda zisomwe kwa sauti, na mfanyakazi mmoja wa ofisi alipita na gari lake akawatazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akafunga kioo. Médiatrice aliiona hiyo. Alipofika kwenye sababu ya kuja alichukua kalamu akaandika mwenyewe: kumtembelea mgonjwa. Wote waliobaki nyuma yake wakaandika hivyo hivyo.

Kazi ikaanza. Astère alichomeka vijiti vinne vya mwanzi kuuzunguka kila mti ili kitambaa kisikandamize machipukizi, na wanawake wakafuata wakivisha. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka, kwa sababu Wakongo walikuwa wanaufunga mti kiunoni, na Warundi walikuwa wanaufunga begani.

"Kitenge kinafungwa kiunoni!" Orpha akasema. "Huyu ni mwanamke mzima, si kichanga cha kubebwa."

"Ukimfunga kiunoni kichwa kinabaki nje, na baridi inaingilia kichwani," Médiatrice akajibu. "Mfunge begani, kama vazi letu la imvutano. Anapendeza na anasitirika."

"Mti hauna bega, maman!"

"Na kiuno unacho?"

Walicheka mpaka wakashikana. Mwishoni waliafikiana: safu ya kulia ikafungwa Kikongo, na kilemba juu, safu ya kushoto ikafungwa Kirundi. Kila kitenge kilipotoka mfukoni kilitajwa. Hiki cha ndoa ya Jeanne, mvua ilinyesha siku ile. Hiki cha mazishi ya mchungaji. Hiki cha tarehe nane Machi, rangi yake iliniudhi tangu mwanzo, mpeni yule wa karibu na pipa la taka. Orpha alitoa kitambaa kipya kabisa, kina wino wa kiwandani, cha harusi ya binti yake Héritière, ambacho hakijashonwa. Alikitazama kwa muda kisha akakivisha, na mwiba ukakipasua palepale, chaa!

"Nionyeshe," Médiatrice akasema. Akalipima tundu kwa kidole. "Hili ninalimeza kwenye mshono wa pembeni. Hata Héritière hatalijua. Na vyote vitakavyotoboka leo navishona mimi, bure."

Orpha akashusha pumzi. "Shemeji," akamwambia Astère, "ile mkasi yako iko na nguvu kushinda akili."

"Ni kweli, maman," Astère akasema. Na ajabu ni kwamba alipolisema hilo mbele ya wanawake wanane, halikumuuma kama alivyodhani litamuuma.

Emery akaja mbio. Alikuwa ameshika karatasi ya sheria za majengo.

"Mama zangu, samahani sana. Hapa imeandikwa: kuanika nguo mahali popote ndani ya uwanja ni marufuku. Wapangaji wameanza kupiga simu. Wanasema kuna watu wanaanika nguo mpaka kwenye maua."

"Hatuaniki," Médiatrice akasema. "Je, zimelowa?"

Emery akagusa kitenge kimoja. "Hazijalowa."

"Kuna nguo inayoanikwa ikiwa kavu?"

Kijana alifikiri. Alikuwa ameitafuta sana kazi hiyo, na mama yake Lubumbashi alikuwa anaitegemea. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Umebaki mti mmoja pale mwisho," akasema.

Ni kweli, ulibaki mmoja, wa ishirini na sita, karibu kabisa na kibanda chake, na vitenge vilikuwa vimekwisha. Mmoja wa Warundi hakuleta vyake vyote, na hatutamtaja. Emery akaingia kibandani, akatoka na pazia lake la dirisha, jeupe, linateleza, akauvisha mti mwenyewe kwa adabu zote.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa nyasi za Larkhill zilikuwa nyeupe.

Saa kumi na mbili na nusu Astère na Médiatrice walishuka kwenye bakkie na wale wengine, pumzi zikitoka mdomoni kama moshi wa jikoni. Nyasi zilivunjika chini ya viatu. Vitenge vilikuwa vimekakamaa kama ndagala wakavu, vimesimama vyenyewe, na juu ya kila kilemba kulikuwa na chumvi chumvi ya barafu. Hakuna aliyethubutu kufunua. Walikubaliana wangoje jua liguse kwanza, maana mzee Mkhize alisema jani lililopoa likishtuliwa linakufa. Wakasimama wanapuliza viganja, wakimtazama Astère, naye anatazama jua. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, na Médiatrice akauingiza mkono wake kwenye mfuko wa koti lake akamshika vidole humo ndani.

Bi Petersen alikuja saa moja na robo, si saa mbili. Usiku mzima simu yake ilikuwa imejaa picha na ujumbe kutoka kwa wapangaji: kuna soko getini, kuna maandamano, kuna watu wa kanisa. Alikuja amevaa koti refu juu ya suruali ya kulalia, kikombe cha kahawa mkononi, na alipofunga mlango wa gari kila mtu aliusikia.

"Astère. Hii ni nini?"

Jana yake Orpha alikuwa amemshauri: sema ni mtindo wa Ulaya. Mwingine alisema: sema mibogenvilia iliugua, ukaikata kuiponya. Astère alikuwa amezirudia zote mbili njia nzima, kwa Kiingereza. Akafungua mdomo.

"Madam, niliikata katikati ya mwezi huu," akasema. "Hukuniambia. Nilidhani ni kama kahawa ya kwetu. Nilikosea. Ikachipua. Hakukuwa na kitambaa madukani, kwa hiyo mke wangu na hawa mama wameleta nguo zao. Za harusi."

Orpha alifumba macho. Kiingereza chake ni kidogo, lakini hilo alilielewa.

Bi Petersen alikwenda kwenye mti wa kwanza, wa safu ya kulia, uliovaa kitenge cha Héritière. Jua lilikuwa limeugusa. Akauliza kwa ishara anafunguaje, na Orpha, akiwa na kiwewe, akamfungulia kilemba. Cha juu kikatoka kikiwa kigumu. Cha pili kikatoka kikiwa laini. Meneja akachuchumaa.

Machipukizi yalikuwa mekundu vilevile, yana unyevu, hai.

Akaenda wa pili, hai. Akavuka upande wa Warundi, akafungua fundo la begani mwenyewe, hai. Kila ulipofunuliwa mti mmoja wanawake walisogea hatua moja, na ufunuo wa tisa au wa kumi kuna aliyeshindwa, akapiga kigelegele, akazibwa mdomo na mwenzake. Walifika wa ishirini na tano. Hai. Ukabaki ule wa kibandani.

Emery aliufunua mwenyewe. Pazia lilikuwa la nailoni. Chini yake kila chipukizi lilikuwa limelala jeusi, limelegea kama mchicha uliochemshwa.

"Mama yangu!" Emery akashika kichwa. "Pazia langu limeua!"

Hapo hata Bi Petersen alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na alikificha kwenye kikombe, lakini kilionekana. Kisha akamgeukia Astère.

"Niko hapa miaka kumi na moja. Kitu kikifa naambiwa ni jalidi, au mbwa, au mvua ya mawe. Hakuna aliyewahi kusema ni yeye." Akanyoosha mkono. "Nipe ule mkasi."

Astère akauchomoa kwenye mkanda wake. Alijua basi, yamekwisha. Mtu akinyang'anywa chombo cha kazi ameshafukuzwa, na yeye mara ngapi ameshuhudia hivyo. Aliutoa kwa mikono miwili, kwa heshima, mpini mbele. Bi Petersen akaufungia kwenye buti ya gari, akarudi na bahasha na kalamu.

"Mkasi utaupata Agosti," akasema. "Tarehe moja, si siku moja kabla. Mkataba ni wa mwaka. Sahihi yako hapa na hapa."

Astère hakusogea. Maneno aliyasikia, lakini miguu ilikuwa bado inangoja mengine. Ilibidi Médiatrice amsukume mgongoni. Alitia sahihi juu ya boneti ya gari, herufi zikiruka ruka, na sahihi ya pili ilipokamilika wanawake wanane waliachia vigelegele ambavyo vilifungua madirisha ya jengo la kwanza hadi ghorofa ya tatu. Orpha alianzisha wimbo. Emery alicheza na kitabu cha wageni kichwani. Mzee Mkhize kule kwenye uzio alivua kofia tena, safari hii akaipeperusha, na Astère, mtu mzima, alilia mbele ya watu wote na hakuona sababu ya kujificha. Furaha ilikuwa imemzidi kimo.

Vitenge vikaanza kukung'utwa na kukunjwa, kila mwenye chake na chake, matundu yakihesabiwa kwa mizaha. Bi Petersen alikuwa amekwisha kuwasha gari aliposhusha kioo.

"Astère, kile kitambaa cheupe nimeshaagiza. Kinakuja Jumanne. Mpaka hapo mtaendelea na hizi, sivyo? Leo usiku wamesema nyuzi tatu chini ya sifuri."

Akaondoka. Astère akawatafsiria.

Wimbo ulikatika. Wanawake wakatazamana, mifuko imeshafungwa, mikono imekufa ganzi. Leo, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Orpha akaushusha mfuko wake chini taratibu.

"Kila jioni tuvishe, kila asubuhi tuvue?" akauliza. "Kama watoto?"

"Kama watoto," Astère akasema. Alimwangalia mkewe, akingoja hasira, kicheko, chochote.

Médiatrice alikuwa ameshakivuta kitenge kimoja kutoka mfukoni, akakikung'uta upepo ukaingia ndani yake.

"Barafu imevilowesha. Hivi vya kuvaa usiku lazima kwanza vikaushwe," akasema. "Baba Annick, njoo. Leo nakufundisha kazi. Shika huko."

Astère akashika upande wa pili.